Figo zinapozeeka kabla ya mwenye nazo

Kati ya Nakivale na Mbarara, mizigo mizito, maji kidogo, vidonge vya maumivu na krimu za magendo ni sehemu ya biashara ya kila siku. Sayansi ya seli inaeleza kwa nini gharama yake huja kimya, na huja ikiwa imechelewa.

NAKIVALE/MBARARA, Uganda

Alfajiri, kabla jua halijachomoza juu ya Ziwa Nakivale, magari ya abiria huanza kujaa pale Base Camp. Marobota ya vitenge yanafungwa juu, magunia ya maharage yanasukumwa chini ya viti, na wenye mali wanabanana katikati. Kutoka hapo hadi mjini Mbarara ni kama kilomita 60. Yeyote aliyesafiri na wachuuzi kwa gari la alfajiri anaijua kanuni yao: usinywe maji mpaka ufike, maana njiani hakuna choo cha kutegemea na dereva hasimami kwa ajili ya mtu mmoja.

Mchukulie mama mmoja wa miaka 45 mwenye biashara ya aina hiyo. Akifika Mbarara huzunguka madukani mpaka mchana, hupakia bidhaa, na mgongo ukianza kuuma hununua vidonge viwili vya diklofenaki bila cheti. Jioni anarudi kambini. Kesho yake anarudia. Presha hajaipima tangu alipojifungua mtoto wa mwisho. Haumwi, anakula, anafanya kazi. Lakini ndani ya figo zake kuna hesabu inayopungua, na hakuna anayeisoma.

Hesabu hiyo ni ya seli. Kwa miaka mingi ugonjwa sugu wa figo ulielezwa kama uchakavu: mashine imetumika, imechoka. Utafiti wa miongo ya karibuni umeonyesha jambo la ndani zaidi. Seli za figo zinapojeruhiwa mara kwa mara, nyingine hufa, na nyingine hukataa kufa lakini zinaacha kufanya kazi. Makundi yote mawili huchangia figo kugeuka kovu.

Mtaji usioongezwa

Mfanyabiashara ataielewa figo haraka akiifikiria kama mtaji aliopewa mara moja tu. Kila figo ina wastani wa vichujio vidogo milioni moja, vinavyoitwa nefroni. Vyote hutengenezwa mtoto akiwa tumboni, na kazi hiyo hukamilika karibu na wiki ya 36 ya ujauzito. Baada ya hapo haviongezeki. Mtoto aliyezaliwa njiti, au aliyezaliwa na uzito mdogo kwa sababu mama yake alikuwa na njaa, huanza maisha na nefroni chache kuliko wenzake. Katika eneo lenye watu waliozaliwa wakati familia zao zikikimbia vita, jambo hili si la pembeni.

Kazi ya mtaji huo ni kubwa. Karibu moja ya tano hadi robo ya damu inayosukumwa na moyo hupitia kwenye figo. Kwa siku moja figo huchuja maji yapatayo lita 180, sawa na madumu tisa ya lita 20. Karibu maji yote hurudishwa mwilini pamoja na chumvi, sukari na protini zinazohitajika, na kinachotoka kama mkojo ni lita moja na nusu hivi.

Wanaofanya kazi hiyo ya kurudisha ni seli za mirija midogo ya nefroni. Zinatumia nguvu nyingi, kwa hiyo zinahitaji damu na oksijeni bila kukatizwa. Damu ikipungua kwa sababu mtu ana kiu kali, anaharisha au ametokwa na damu nyingi, seli hizi ni miongoni mwa za kwanza kuumia. Mbele yao kuna seli nyingine zenye vidole vidole, podosaiti, zinazokumbatia mishipa ya kichujio ili protini isivuje. Podosaiti hazina kawaida ya kugawanyika. Ikitoka moja, pengo lake hubaki, na zilizo jirani hujinyoosha kulifunika.

Seli isiyouza wala kuondoka

Mwaka 1961 Leonard Hayflick na mwenzake Paul Moorhead, waliokuwa wakifanya kazi Philadelphia, Marekani, walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu haziwezi kugawanyika milele. Zikifika mara 40 hadi 60 hivi, zinasimama. Baadaye ikajulikana kwamba sababu mojawapo ni ncha za kromosomu, zinazoitwa telomea, ambazo hufupika kila seli inapogawanyika. Kazi ya kuzielewa ncha hizo iliwapa Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak Tuzo ya Nobel ya mwaka 2009.

Lakini seli haingoji ncha ziishe ndipo izeeke. Sukari nyingi kwenye damu, presha ya juu, sumu, ukosefu wa oksijeni na uvimbe wa muda mrefu vinaweza kuizeesha mapema. Inapojeruhiwa, seli ina njia tatu. Ya kwanza ni kujirekebisha na kuendelea na kazi. Ya pili ni kufa. Ya tatu ni kuzeeka: inafunga kabisa uwezo wa kugawanyika, lakini inabaki hai pale pale.

Kila soko lina mtu wa aina hiyo. Amefunga biashara, hauzi tena, lakini hataki kuiachia meza. Anakaa pale kutwa akiwalalamikia wapita njia, wateja wanakwepa upande huo, na baada ya muda meza za jirani nazo zinakosa mauzo. Seli iliyozeeka hufanya vivyo hivyo. Hutoa kemikali zinazoita uvimbe, zinazozichochea seli za jirani zizeeke nazo, na zinazowaambia wajenzi wa makovu waanze kazi. Seli moja si hoja, kwa kuwa kinga ya mwili huziondoa. Shida huja zinapozidi kasi ya kuondolewa, na hilo hutokea umri unapokwenda au majeraha yanaporudiarudia.

Kifo cha seli nacho kina namna zake. Kuna kifo cha utaratibu, ambacho wanasayansi walikipa jina la apoptosisi mwaka 1972. Seli hujikunja, hujigawa vipande vidogo, na majirani huvisafisha bila fujo. Ni kama mtu anayefunga duka kwa hesabu, analipa madeni na kukabidhi funguo. Kisha kuna vifo vya vurugu, ambamo seli hupasuka na kumwaga yaliyomo. Kimojawapo, kinachotegemea madini ya chuma kuharibu utando wa seli, kilipewa jina la feroptosisi mwaka 2012, na kimeonekana kuwa na nafasi kubwa katika majeraha ya ghafla ya figo. Hiki hakifanani na kufunga duka. Hiki ni moto wa soko, wa aina wanayoikumbuka wafanyabiashara wa Kariakoo tangu Julai 2021, na wa Owino na Gikomba waliounguliwa zaidi ya mara moja. Kibanda kimoja kikiwaka, joto lake linaanguka kwa jirani.

Baada ya moto mwili huziba pengo kwa kovu. Kovu halichuji damu. Nefroni zilizobaki hulazimika kuchuja zaidi ya kipimo chao ili kufidia, presha ndani yake hupanda, nazo huzeeka haraka kuliko ambavyo zingezeeka. Ndiyo maana ugonjwa huu ukishafika mahali fulani huendelea wenyewe, hata kama chanzo cha kwanza kimeondoka. Na ndiyo maana haumi: anayebaki anabeba mzigo wa aliyeanguka bila kusema, mpaka wabebaji wanapokuwa wachache mno.

Figo zikidorora, mwili mzima unaonja. Mwaka 1997 watafiti wa Japani wakiongozwa na Makoto Kuro-o walitangaza jeni waliyoiita Klotho. Panya waliokosa jeni hiyo walizeeka haraka: mishipa ilikakamaa, mifupa ikadhoofika, wakafa mapema. Protini inayotokana na jeni hiyo hutengenezwa kwa wingi na figo, na hupungua ugonjwa wa figo unapoanza. Hii inasaidia kueleza kwa nini wagonjwa wengi wa figo hufa kwa moyo na mishipa kabla figo zenyewe hazijafeli kabisa.

Jumuiya ndogo ndani ya Isingiro

Nakivale, iliyoko wilaya ya Isingiro karibu na mpaka wa Tanzania, ilianza kupokea watu mwaka 1958, wakati Watutsi walipoikimbia Rwanda. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa zaidi barani Afrika. Leo ina zaidi ya watu 150,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko, na Kiswahili ni moja ya lugha zinazowakutanisha sokoni. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini, kwa hiyo biashara ya makazi haya imeungana na ya Mbarara, na kupitia Mbarara imeungana na mipaka ya Kikagati na Murongo, Mirama Hills na Kagitumba, Katuna na Gatuna, mpaka Bunagana.

Sehemu ya visababishi vya ugonjwa sugu wa figo ni ile ile inayojulikana duniani kote: kisukari na shinikizo la juu la damu. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa huu kwa takriban asilimia 7 ya watu wazima wa Kilimanjaro, na mjini ulikuwa mwingi mara kadhaa kuliko vijijini. Lakini katika ukanda huu kuna njia nyingine za kufika pale pale.

Malaria ni mojawapo. Vimelea vinapopasua chembe nyekundu za damu, himoglobini inayomwagika huumiza mirija ya figo. Tafiti zilizofanywa Uganda kwa watoto waliolazwa kwa malaria kali zimeonyesha kwamba jeraha la ghafla la figo ni la kawaida kwao, na kwamba baadhi yao huonekana na dalili za ugonjwa sugu wa figo muda mrefu baada ya kutoka hospitali. Mtoto amepona homa, lakini sehemu ya mtaji imekwenda. Virusi vya Ukimwi visipotibiwa navyo hushambulia vichujio moja kwa moja, ingawa dawa za kufubaza zimepunguza sana aina hiyo ya ugonjwa.

Joto na kiu ni njia nyingine. Huko Amerika ya Kati, hasa El Salvador na Nikaragua, maelfu ya wakata miwa wenye umri mdogo, wasio na kisukari wala presha, wamekutwa na figo zilizokwisha. Chanzo chake bado kinajadiliwa, lakini kazi nzito juani na upungufu wa maji unaorudiwa siku baada ya siku ni miongoni mwa sababu zinazotajwa zaidi. Mchuuzi anayejinyima maji njiani si mkata miwa, ila mirija ya figo zake haijui tofauti ya sababu. Inajua tu kwamba damu imepungua.

Vidonge vya maumivu huongeza uzito juu ya hapo. Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake huzuia kemikali ambazo figo hutumia kuweka wazi mishipa yake wakati damu ni chache. Kwa mtu mzima mwenye afya aliyekunywa maji ya kutosha, vidonge vya siku mbili kwa kawaida havileti tatizo. Kwa mtu mwenye kiu, mwenye presha, au anayevimeza kila siku kwa miezi, ni kufunga bomba wakati tangi tayari liko chini. Parasetamoli, ikinywewa kwa kipimo chake, haina tabia hiyo.

Sumu iliyo ndani ya mzigo

Jambo linalowagusa wafanyabiashara wa mipakani kuliko wengine ni lile wanaloweza kulibeba wenyewe bila kujua: krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki.

Ushahidi wa mapema juu ya hatari hiyo ulitoka hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha ripoti kuhusu watu wazima waliolazwa wakiwa wamevimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zinavujisha protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Baadhi ya walioacha kupaka walipata nafuu. Zebaki hupenya kwenye ngozi, huingia kwenye damu na kujikusanya kwenye figo, hasa kwenye seli za mirija, ambako huvuruga uzalishaji wa nguvu na kuziua. Pia huichanganya kinga ya mwili mpaka ikashambulia kichujio.

Imepita nusu karne, na bidhaa za aina hiyo bado zinavuka mipaka, mara nyingi kwenye mikoba na si kwenye makontena. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, uliweka kikomo kwa vipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa kabisa vipodozi vilivyotiwa zebaki ifikapo 2025. Kwa hiyo mwenye mzigo huo ana hatari mbili: kunyang'anywa mali mpakani, na kumuuzia jirani yake ugonjwa. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaowasaidia wenye mizigo isiyozidi dola 2,000, hauhalalishi bidhaa iliyopigwa marufuku.

Dalili za kuitambua zipo. Lebo ikitaja "mercury", "calomel" au herufi Hg, ni zebaki. Lebo ikikuonya usiguse dhahabu, fedha au vito baada ya kupaka, ni zebaki hata kama haikutajwa, kwa kuwa madini hayo huathiriwa nayo. Krimu isiyo na jina la mtengenezaji wala orodha ya viambato haistahili kuingia kwenye mzigo.

Baadhi ya dawa za mitishamba nazo zinahitaji tahadhari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake wengi wa Ubelgiji waliharibikiwa figo baada ya kupewa vidonge vya kupunguza unene vilivyochanganywa na mmea wa jamii ya Aristolochia. Sumu ya mmea huo huumiza vinasaba vya seli za mirija, na kovu huenea haraka. Mti ukiwa wa asili haimaanishi kwamba figo imeukubali.

Kipimo cha bei ndogo na safari ya bei kubwa

Ugonjwa sugu wa figo hutangazwa pale uharibifu, au uchujaji ulio chini ya mililita 60 kwa dakika, unapodumu zaidi ya miezi mitatu. Umegawanywa hatua tano, na katika hatua za mwanzo mgonjwa huwa hana dalili. Vipimo vya kuanzia ni vitatu: presha, protini kwenye mkojo kwa kutumia kipande cha karatasi maalumu, na kreatinini kwenye damu. Viwili vya kwanza havihitaji mashine kubwa.

Kipimo cha tatu kina kasoro ambayo watafiti wa Kiafrika wameichunguza. Utafiti uliofanyika Uganda, Malawi na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2022, ulilinganisha makadirio yanayotokana na kreatinini na kipimo cha moja kwa moja cha uchujaji. Makadirio hayo yaliwaonyesha watu wengi kuwa na figo nzuri kuliko hali halisi. Sababu mojawapo ni kwamba kreatinini hutoka kwenye misuli. Mtu mwembamba, aliyekula kwa shida, huwa nayo kidogo hata figo zake zikiwa zimechoka. Kwa wakazi wa makazi ya wakimbizi hilo lina maana kubwa: jibu la "sawa" si lazima liwe la mwisho, na kipimo cha mkojo kisiachwe.

Figo zikifika hatua ya tano kuna njia mbili: kusafisha damu kwa mashine, au kupandikizwa figo nyingine. Kwa miaka mingi mgonjwa wa kusini-magharibi mwa Uganda aliyehitaji mashine alitazama Kampala, katika Hospitali ya Kiruddu. Huduma hiyo imeanza kusogezwa kwenye hospitali za rufaa za mikoa, ikiwamo ya Mbarara, ambayo pia ndiyo hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara.

Lakini kusogea si kufika mlangoni. Usafishaji wa kawaida ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Kwa anayeishi Nakivale, kwenda na kurudi mara tatu ni kilomita 360 kwa wiki, zaidi ya 18,000 kwa mwaka, bila kuhesabu gharama ya tiba yenyewe na siku tatu za wiki ambazo meza yake sokoni imefungwa. Kwa mkimbizi kuna kizingiti kingine. Rufaa zinazolipiwa na UNHCR hupimwa kwa gharama na kwa uwezekano wa kupona, na tiba ghali ya maisha yote kama hii kwa kawaida haipati nafasi.

Upandikizaji umeanza kuota mizizi katika kanda. Kenya ina uzoefu wa muda mrefu zaidi. Muhimbili, Dar es Salaam, ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Hospitali ya King Faisal ya Kigali ilianza mwaka 2023, na Desemba mwaka huo huo Mulago ikafanya wa kwanza nchini Uganda, baada ya sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo kupitishwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, iliipa Kenya jukumu la kituo cha umahiri wa magonjwa ya figo na mkojo, jijini Nairobi, ili wataalamu wa nchi zote wafundishwe hapo. Kilichobaki nyuma ni mgonjwa mwenyewe: vitenge vya Mkongo vinavuka mpaka kwa fomu moja, lakini bima yake ya afya, kama anayo, huishia mpakani.

Dawa zilizopo na dawa zinazosubiriwa

Habari njema ni kwamba mwendo wa ugonjwa unaweza kupunguzwa. Dawa za presha za jamii ya enalapril na losartan hushusha mgandamizo ndani ya kichujio, na zimetumika kwa miongo mingi. Mwaka 2020 utafiti mkubwa wa wagonjwa 4,304 ulionyesha kwamba dapagliflozin, dawa iliyoanza kama ya kisukari, ilipunguza kwa asilimia 39 hatari ya figo kudorora vibaya, kufeli, au mtu kufa kwa sababu ya figo au moyo, hata kwa wasio na kisukari. Kwa lugha ya sokoni, dawa hizi zinawapunguzia mzigo wabebaji waliobaki.

Dawa za kuziondoa seli zilizozeeka ni jambo jingine. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic ya Marekani waliripoti kwamba watu tisa wenye ugonjwa wa figo wa kisukari, waliopewa kwa siku tatu mchanganyiko wa dasatinib na quercetin, walionekana na seli zilizozeeka chache zaidi kwenye mafuta ya mwili na ngozi. Ni hatua ya kweli, lakini ni watu tisa, na utafiti huo haukuthibitisha kwamba figo zao zilipona. Dasatinib ni dawa ya saratani ya damu yenye madhara yake. Kuna pia swali gumu: seli zilizozeeka husaidia kidonda kufunga na huzuia seli mbovu zisigeuke saratani, kwa hiyo kuzifagia zote si lazima kuwe salama.

Hilo ni muhimu kulijua kwa sababu maneno ya sayansi hufika sokoni kabla ya dawa. Chupa zinazodai "kusafisha figo" au "kurudisha ujana wa seli" hazina ushahidi wa kufufua nefroni iliyokufa, na anayeziuza anauza matumaini kwa watu ambao muda wao ni mdogo.

Mei 2025, mkutano wa Shirika la Afya Duniani mjini Geneva ulipitisha azimio lake la kwanza kabisa kuhusu afya ya figo, likizitaka nchi ziingize ugunduzi wa mapema kwenye huduma za msingi. Azimio halipimi mkojo wa mtu. Kituo cha afya ndicho kinachopima. Wanaopaswa kuanza ni wenye presha, kisukari, virusi vya Ukimwi, ndugu aliyefeli figo, wanawake waliopata kifafa cha mimba, na yeyote aliyewahi kulazwa kwa malaria kali au aliyemeza vidonge vya maumivu kwa miezi.

Yule mama wa miaka 45 hahitaji kuacha biashara. Anahitaji chupa ya maji ndani ya gari, na pengine umoja wa wachuuzi wenye sauti ya kumwambia dereva asimame Kabingo dakika tano. Anahitaji kumuuliza muuza dawa kama kuna kidonge kingine cha mgongo, kuitazama lebo kabla ya kupakia krimu, na kunyoosha mkono upimwe presha siku atakayompeleka mtoto kliniki. Nefroni zilizokufa hazitarudi. Zilizobaki bado ni nyingi, na ndizo zitakazompeleka Mbarara na kumrudisha.